Alichosema Tarsis

Wamisionari Wajerumani waliposhikwa na serikali na kupelekwa kusikojulikana, shule ya kijijini alikofundisha Enoki Mlowe ilikosa chaki, kisha ikakosa mkaguzi, na mwisho ikakosa hata watoto. Enoki alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikaa nyumbani miezi kadhaa akilima, lakini kila mara aliacha jembe katikati ya tuta na kwenda kusimama barabarani kuwauliza wapita njia habari za vita. Mkewe, Esteria, alimtazama akizunguka ua asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku, hata akamwambia, "Nenda. Mtu aliye hapa na hayupo hapa ananichosha kuliko aliyekwenda."

Basi mwezi wa Aprili, mwaka 1940, Enoki akaenda mwenyewe bomani Njombe. Akapimwa kifua, akapewa kipande cha karatasi, akatembea na wenzake sitini mpaka Makambako, ambako Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, lilikuwa limepiga kambi ya makuruta. Alidhani ndani ya wiki moja atakuwa juu ya lori la kwenda vitani.

Kambi ilikuwa safu nne za vibanda vya nyasi kando ya barabara kuu, karibu na pale njia ya Njombe inapokutana na ile ya Iringa na Mbeya. Upepo haukupumzika. Uliingia vibandani ukafunua mablanketi, ukatia mchanga kwenye chai. Tarumbeta ilipigwa kabla jua halijatoka. Kila kuruta alikunja mablanketi yake mawili pembe kwa pembe, akaweka sahani ya bati juu yake na kijiko juu ya sahani, kisha wote wakatoka mbio kunawa kwenye mapipa ambayo asubuhi za Juni maji yake yalishika ukoko wa barafu. Halafu mbio za maili mbili, uji, kufagia, ukaguzi, kwata mpaka saa sita, ugali na maharage, kazi za fatiki za kuchota maji na kukata kuni, na kwata tena mpaka jua linapoinama. Bunduki zilikuwa kumi na mbili kwa watu mia na ishirini. Waliokosa walibeba vipande vya mianzi vilivyokatwa urefu wa bunduki. Na wote, wenye bunduki na wenye mianzi, walikwenda pekupeku, kwa sababu viatu vilikuwa vinakuja.

Kila kitu kilikuwa kinakuja: viatu, makoti, malori. Malori ya wengine yalipita kila siku kuelekea kaskazini, yamejaa watu wa Mbeya na Tukuyu wakiimba, na kila vumbi lilipoonekana kwa mbali kombania nzima iligeuza macho.

"Macho mbele!" Sajini Nahumu alipiga kelele. "Lori ile si ya mama yako!"

Sajini Nahumu alikuwa Mnyasa wa pwani ya ziwa, mtu mfupi, kifua kama pipa, mwenye miaka kumi na mitano jeshini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Keya, kinachokwenda moja kwa moja bila kujali ngeli, na amri zake zilikuwa za Kiingereza. Makuruta wengi walikuwa Wabena na Wakinga ambao Kiswahili chenyewe walikijua cha mnadani tu. Siku ya kwanza aliposema "Abauti tani!" nusu ya mstari iligeukia huku, nusu kule, na watu wawili wakagongana vichwa mpaka mmoja akatoka damu puani.

"Nani hapa najua Kiingereza?" Sajini aliuliza.

Enoki akainua mkono.

"Basi wewe ni mdomo yangu."

Tangu siku hiyo Enoki alifungwa kitambaa chekundu mkononi. Alisimama mbele, hatua moja nyuma ya Sajini, akigeuza amri kuwa Kibena. Jioni aliandika orodha ya nani ana fatiki gani kesho yake. Alikipenda kitambaa kile. Kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe, mikono yake ilijua pa kukaa.

Katika mstari wa pili alisimama Tarsis Mligo, kijana wa Kikatoliki kutoka kijiji kimoja karibu na misheni, mpana wa mabega, mpole. Alishika mambo upesi. Alijua kushoto na kulia kabla ya wenzake, na mwanzi wake aliubeba kama bunduki ya kweli. Kitu kimoja kilimshinda: kusimama. Wote waliposimama imara, yeye aliinua kisigino hiki, akakishusha, akainua kile. Alisugua mguu juu ya mguu. Wakati mwingine machozi yalimtoka, naye akitazama mbele vilevile.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, Sajini alimkaribia mpaka kofia yake ikamgusa kidevu.

"Muulize huyu, kwa nini yeye nacheza ngoma kwenye gwaride yangu?"

Enoki akauliza kwa Kibena. Tarsis akajibu kwa Kibena, sauti ya chini, bila kugeuza macho. "Nina funza, Mwalimu. Miguu inawaka moto. Nakuomba, usimwambie."

Watu mia na ishirini walikuwa wakingoja jibu. Enoki alisikia upepo ukipiga kwenye nyasi za mapaa.

"Afande," alisema, "anasema kwao ni mchunga ng'ombe. Hajazoea kusimama mahali pamoja."

Waliojua Kiswahili wakacheka. Sajini hakucheka.

"Mwambie hapa yeye ndiyo ng'ombe. Duara kumi!"

Tarsis akakimbia kiwanja mara kumi, mwanzi juu ya kichwa. Kuanzia duara la saba alikuwa akikimbia kwa pembe za nyayo, kama mtu anayepita juu ya makaa.

Jumapili iliyofuata makuruta walikwenda kufua kwenye kijito cha upande wa Mahongole. Enoki alimkuta Tarsis amejitenga nyuma ya matete, miguu majini. Akamwambia aitoe. Vidole vilikuwa vimevimba, vimeachana kama vidole vya mtoto anayejifunza kutembea. Kando ya kucha na chini ya visigino palikuwa na vifuko vyeupe vyenye doa jeusi katikati, kimoja karibu na kingine, na pale alipokwisha kuchokonoa mwenyewe kwa mwiba palikuwa na vidonda.

"Hivi dresa wa hospitali angevitoa kwa siku tatu," Enoki alisema.

"Bomani dresa aliwarudisha wawili wenye funza. Niliwaona. Siku ile mimi nilikuwa nimejitoa vizuri na kujipaka mafuta, hakuona kitu. Hapa nimeshikwa upya, vibanda vyenyewe vimejaa." Tarsis alirudisha miguu majini. "Nikirudishwa, jumbe atamchukua mdogo wangu, Agustino. Yeye ndiye aliyeandikwa. Mimi nilisema nitakwenda mahali pake. Ameoa juzi, Mwalimu. Hata paa la nyumba yake hajalimaliza."

"Na ukioza miguu?"

"Malori yakija nitakwenda kuozea mbele ya safari. Huko hawawezi tena kumfuata yeye."

Enoki akatoa pini aliyoifunga kwenye pindo la shati lake, akaketi juu ya jiwe, akamwambia alete mguu. Alitoa funza kumi na tisa siku ile. Jumapili ya pili alileta mafuta ya taa kidogo aliyoyaiba kwenye taa ya mesi, akapaka. Dresa alikuja kutoka Njombe kila Jumamosi kukagua miguu na vifua, na kila Ijumaa jioni Enoki aliandika kwenye orodha: Tarsis Mligo, kuni. Porini ilikuwa mwendo wa saa mbili, na mtu wa kuni alirudi dresa amekwisha kuondoka.

Angeweza kumwendea Sajini faraghani na kumweleza. Alilifikiria jambo hilo kila siku. Lakini malori yangeweza kufika kesho, mambo yote yakajiishia yenyewe. Na tena angesemaje? Kwamba alimdanganya mbele ya kombania nzima? Siku ya kwanza alikuwa amenyamaza kwa huruma. Baada ya wiki tatu alinyamaza kwa sababu alishanyamaza.

Katikati ya Juni viatu vikaja kweli. Vilikuwa mabuti mazito yenye misumari chini, na hakuna aliyepata saizi yake. Watu walitembea kama bata, wakaanguka, wakacheka, wakalala wameyakumbatia ili yasiibwe. Tarsis alipata yaliyomzidi. Akayafunga kwa nguvu, akasimama mbele ya Enoki, miguu sawa, bila kutikisika.

"Umeona?" alisema. "Sasa hakuna wa kuuliza."

Na kweli hakuna aliyeuliza. Kwata ikaongezeka, kukawa na shabaha, kukawa na kuchimba mahandaki, na Jumapili mbili zikapita Enoki hakwenda kijitoni. Sajini alimwita kuandika majina. Ndivyo alivyojiambia.

Mwanzoni mwa Julai, Bwana Luteni, Mzungu kijana aliyekuwa na shamba upande wa Iringa kabla ya vita, alitangaza kwamba kombania itatembea hadi Njombe, maili arobaini, kwa siku mbili na mizigo mgongoni, ili watu waione na vijana wengine wajiandikishe. Makuruta wakashangilia. Njombe si kaskazini, lakini angalau ilikuwa mahali.

Siku ya kwanza Tarsis alikwenda vizuri. Aliimba hata. Usiku walilala uwanjani kwa jumbe mmoja, na Enoki alimwona amelala na mabuti miguuni. Wengi walilala hivyo kwa baridi, akapita. Asubuhi, baada ya maili tano, Tarsis aliacha kuimba. Baada ya maili kumi Enoki alichukua mzigo wake. Uso wa Tarsis ulikuwa umepauka kama majivu na jasho lilimtiririka katika upepo uliowafanya wenzake watetemeke.

"Vua tutazame," Enoki alimwambia walipopumzika.

"Nikivua, miguu haitaingia tena. Twende. Tunafika."

Njombe watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara. Wanawake walipiga vigelegele, wanafunzi waliimba, mzee mmoja alikuwa na kibuyu cha pombe ya ulanzi akijaribu kumpa kila anayepita. Sajini Nahumu alinyoosha shingo. "Lefti! Raiti! Lefti!" Misumari ya mabuti ililia juu ya mawe. Kwenye mpando wa kwenda bomani Tarsis alienda upande, kama mlevi, akagonga bega la mwenziwe, akaanguka kifudifudi. Akajaribu kuinuka kwa mikono. Akasema kwa Kiswahili, maneno machache aliyoyajua, "Niko sawa, afande. Niko sawa."

Buti la kulia lilikataa kutoka. Sajini alipiga magoti vumbini, akalikata kwa kisu kuanzia juu hadi kidoleni. Harufu ilipotoka, vigelegele vilivyokuwa karibu vikanyamaza, kimya kikasambaa barabarani mpaka kikawafikia wanafunzi.

Kesho yake asubuhi Luteni na Sajini walimkuta Tarsis kitandani, katika baraza la hospitali, miguu yote miwili imefungwa bendeji nene. Daktari alikuwa amekata vidole viwili vya mguu wa kulia. Enoki aliitwa kuja kufasiri. Luteni alijua Kiswahili kidogo, Kibena hakujua hata neno.

"Muulize tangu lini anaumwa," alisema.

"Tangu Mei," Tarsis akajibu, na Enoki akafasiri.

"Muulize nani alijua."

Tarsis alimtazama Enoki kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Macho yake yalikuwa mekundu ya homa.

"Waambie hakuna aliyejua," alisema kwa Kibena. "Nilijificha mwenyewe. Waambie hivyohivyo, Mwalimu. Usiongeze, usipunguze."

Enoki alifungua kinywa. Mara ile ya kwanza Tarsis alikuwa amesema kweli, yeye akaitoa kama uongo. Sasa uongo ulikuwa umewekwa mbele yake, umeshapangwa. Alichotakiwa ni kuufasiri sawasawa, kwa Kiingereza safi cha shule, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Anasema hakuna aliyejua," alisema. Luteni akaanza kuandika. "Lakini si kweli, Bwana. Mimi nilijua. Tangu Mei. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandika kuni kila Jumamosi."

Kalamu ikasimama. Sajini Nahumu alimtazama Enoki, halafu akatazama zile bendeji.

"Ile siku ya ng'ombe," alisema polepole.

"Ndiyo, afande. Alisema ana funza. Mimi nilisema ng'ombe."

"Mimi nakimbiza yeye duara kumi." Sauti ya Sajini haikuwa ya gwaride. "Mtu mgonjwa. Wewe nafanya mdomo yangu napiga mtu mgonjwa."

Kitandani, Tarsis hakuwa ameelewa Kiingereza, lakini alikuwa ameona nyuso.

"Umesema nini?" aliuliza. "Enoki, umewaambia nini? Sikukuambia useme hivyo!" Akajiinua kwa viwiko akitaka kushuka, na mhudumu akaja kumshika mabega.

Walirudi Makambako bila yeye. Kitambaa chekundu kilifunguliwa mbele ya kombania. Enoki alichapwa viboko vinane, amelala juu ya gunia, Luteni akihesabu, kisha akapewa siku ishirini na nane za kuchimba vyoo vipya. Hakulia. Kilichomtesa zaidi ni kwamba alipokuwa shimoni hakuona barabara. Alisikia malori tu. Kila ngurumo ilipopita alisimamisha koleo, akangoja kusikia kama itapunguza mwendo, kisha akaendelea kuchimba.

Siku ya ishirini na tano kivuli kiliangukia shimoni. Juu, ukingoni, alisimama kijana mwembamba, mrefu, kaptula mpya ikimpwaya, anatabasamu.

"Kamwene," alisalimu. "Wewe ndiye Mwalimu Enoki?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Agustino Mligo."

Enoki aliegemea koleo. "Wamekuchukua."

"Jumbe alikuja siku mbili baada ya Tarsis kurudi."

"Nisamehe, ndugu yangu. Kaka yako alifanya yote yale ili usije. Alisema umeoa juzi, na nyumba yako bado."

Agustino alichuchumaa ukingoni, udongo ukadondoka. Tabasamu lilikuwa limepungua.

"Alikuambia kwamba sikutaka kuja?"

"Hakusema hivyo. Alisema..." Enoki alijaribu kukumbuka maneno yenyewe. "Alisema wewe ndiye uliyeandikwa."

"Niliandikwa kwa sababu nilikwenda kwa jumbe nikamwomba aniandike. Konsolata, mke wangu, alijua, yeye ndiye aliyenifungia mzigo. Asubuhi naamka, mzigo haupo, Tarsis hayupo. Amekwenda na mablanketi yangu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mama alimwomba, nadhani. Au hakuombwa na mtu. Yeye ndivyo alivyo, tangu utoto, anapigana ugomvi wa mtu kabla hajamuuliza. Miezi mitatu nilikuwa namlaani. Halafu anashushwa kwenye gari la misheni, ana fimbo mbili."

"Anaendeleaje?"

"Anatembea. Analima ameketi kwenye kigoda. Vidole vile viwili anaona bado vinamwasha, anainama kuvikuna, havipo."

"Ananisemaje?"

Agustino alifikiri. "Anasema wewe ni mtu usiyeweza kunyamaza mpaka mwisho."

Sauti ya Sajini ikaita kutoka kiwanjani, na Agustino akaruka juu, akakimbia, akipotea njia kati ya vibanda kama wageni wote. Enoki akabaki amesimama shimoni. Hasira ilimjia, wala hakujua imwangukie nani.

Septemba ilipoingia, malori matano yalipunguza mwendo, yakakata kona, yakaingia kambini. Watu hawakuamini. Walisimama na sahani mikononi mpaka Sajini alipoanza kusoma majina, ndipo wakakimbia huku na huku wakikusanya vitu ambavyo asubuhi walikuwa wamekwisha kuvikunja pembe kwa pembe. Jina la Enoki lilisomwa katikati, bila kitu cha kulitofautisha na mengine.

Alikaa nyuma, karibu na mkia wa lori, na Agustino akajipenyeza ubavuni pake. Makambako ikaanza kuwa ndogo. Agustino aliuliza kila kitu: Dodoma ni siku ngapi, treni inalala wapi, Waitaliano ni watu wa namna gani, ni kweli kwamba huko wanapanda ngamia? Enoki alijibu alichokijua, ambacho kilikuwa kidogo. Wenzao waliimba mpaka vumbi likawakausha koo, wakajifunika mablanketi, wakaachia vichwa vyao vigongane.

"Kuna jambo sikulisema hospitalini," Enoki alisema wakati huo. "Jumapili mbili za mwisho sikwenda kutazama miguu yake. Alikuwa na mabuti. Nilisema nina kazi. Sikuwa na kazi ya siku nzima."

Lori lilipanda kilima, likateremka, likavuka daraja la magogo lililolia chini ya magurudumu.

"Ungekwenda, angekuficha miguu yake," Agustino alisema mwishowe.

"Huenda."

"Huenda," Agustino alisema naye. Akageuka, akavuta blanketi mpaka masikioni, akaendelea kutazama barabara ikijikunjua nyuma yao mpaka walipofika Iringa.